Chumvi yenye vipimo: filamu za zamani za kung fu zilivyotengenezwa

Mzee mwenye nyusi nyeupe zinazoshuka mpaka mashavuni anapapasa ndevu zake. Anatupa mkono wa joho lake pembeni, na kitambaa kinalia kama tanga la jahazi lililopigwa na upepo wa ghafla. Kamera inayakimbilia macho yake mpaka nyusi zinajaa skrini nzima. Kisha anacheka, tena kicheko kirefu, huku vijana wanane wenye mikuki wamemzunguka wakingoja amalize. Hakuna anayemchoma. Anayeziona picha hizi kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: kwa nini wasimrukie wote kwa pamoja?

Wanangoja zamu, kama mcheza ngoma anavyongoja pigo lake. Filamu hizi za Hong Kong na Taiwan, hasa zile zilizotoka kati ya 1966 na katikati ya miaka ya 1980, zilitia chumvi kwa makusudi, na chumvi yenyewe ilikuwa na vipimo: fremu (picha moja moja za filamu) kwa sekunde, urefu wa lenzi, unene wa waya, pigo la upatu. Ukivijua vipimo hivyo hutaacha kucheka, ila utaanza kucheka mahali ambapo watengenezaji walitaka ucheke.

Upatu kwanza, kamera baadaye

Chimbuko ni jukwaa. Katika opera ya Beijing, mwigizaji wa vita hupiga mfululizo wa mapigo ya haraka kisha huganda ghafla: mguu mmoja juu, kiganja mbele, macho yamekodolewa kwa watazamaji. Kuganda huko kunaitwa liangxiang. Upatu na matoazi hulia papo hapo, na mtazamaji hupata nafasi ya kuelewa alichokiona. Kasi, tuli, kasi, tuli. Mwendo huo ndio uti wa mgongo wa karibu kila pambano la filamu hizi, hata pale ambapo upatu wenyewe hausikiki tena.

Wapiganaji wa kwenye skrini wengi wao walitoka hukohuko. Hong Kong ilikuwa na shule za opera ambazo watoto waliishi ndani na kufundishwa sarakasi kwa ukali. Katika ile ya mwalimu Yu Jim-yuen walipita Sammo Hung, Jackie Chan na Yuen Biao. Opera ilipokosa watazamaji miaka ya 1960, vijana wenye miili ya aina hiyo walibaki bila jukwaa, na studio za filamu zikawaajiri kuanguka kutoka ghorofani. Han Yingjie, aliyempangia mapigano mwongozaji King Hu, naye alikuwa mtu wa opera. Ndiyo maana katika "Come Drink with Me" ya mwaka 1966, Cheng Pei-pei, aliyesomea baleti, anaketi hotelini akinywa kwa utulivu huku maadui wakizidi kumsogelea: utulivu ule ni sehemu ya mdundo, na kadiri unavyorefushwa ndivyo mlipuko unavyonoga.

Hapa inafaa kutenganisha aina mbili ambazo watu huzichanganya. Za kwanza ni picha za panga, ziitwazo wuxia. Shujaa wake anazurura katika ulimwengu uitwao jianghu, yaani mito na maziwa, ambako sheria ya serikali haifiki na neno la mtu ndilo hati yake. Humo watu huruka juu ya mapaa kwa ujuzi wa kuufanya mwili mwepesi, na humgandisha adui kwa kumgusa kidole mahali maalumu mwilini. Riwaya za namna hiyo zilitoka kipande kipande magazetini Hong Kong. Jin Yong, mashuhuri kuliko wote, alianza mwaka 1955. Kulalamika kwamba mtu hawezi kuruka juu ya mti wa mianzi ni sawa na kumlaumu Sungura wa hadithini kwa kusema.

Aina ya pili, picha za ngumi, ilishika kasi tangu mwaka 1970. Humo miguu hukanyaga chini zaidi, na chumvi imehamia kwenye sauti, misuli na mazoezi.

Sikiliza kabla ya kutazama

Studio nyingi zilipiga picha bila kurekodi sauti yoyote. Mpanga mapigano aliweza kupaza sauti katikati ya tukio, "Kushoto! Inama! Sasa!", kwa kuwa hapakuwa na maikrofoni iliyokuwa ikisikiliza. Mwigizaji mmoja aliweza kusema maneno yake kwa Kikantoni na mwenzake kumjibu kwa Kimandarini. Baadaye wasemaji wengine waliingia chumba cha sauti na kuwasemea wote. Kwa hiyo hata katika toleo la Kichina midomo na maneno huachana. Kiingereza kiliongeza tatizo lake: mtafsiri alilazimika kuijaza nafasi yote ambayo mdomo unatembea, na sentensi fupi ikavutwa ikatoka na vituo vya ajabu. "Kwa hiyo... wewe ndiye... uliyemuua mwalimu wangu!" Msemaji hakuwa mzembe. Alikuwa akihesabu midomo.

Kutokuwa na sauti ya kweli kulimpa fundi wa sauti uhuru wote. Mvumo wa mkono unaopita hewani hupatikana kwa kuchapa fimbo nyembamba ya henzirani karibu na maikrofoni. Mlio wa joho ni kitambaa kinachokung'utwa. Pigo moja huwa na tabaka tatu: mvumo kabla ya kugusa, kishindo chenyewe, kisha mguno au ukelele. Na kishindo hakilingani. Ngumi iliyokingwa hulia kavu, kama mti kwa mti. Ngumi iliyoingia hulia nzito, kama ngoma iliyolegea. Fumba macho usikilize mapigo kumi: tisa makavu, la kumi zito. Bila kuona chochote unajua kwamba mmoja alikinga mara tisa, kisha akapatikana kwenye chembe cha moyo.

Kazi hii huharibika kwa urahisi. Mlio ukichelewa fremu nne tu, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde, sikio hugundua na mpiganaji huonekana kama anapigwa na mtu mwingine. Filamu za bei rahisi zilifanya kosa jingine, nalo ni kutumia mlio uleule kwa kofi, teke na mlango. Ndiyo maana baadhi yake huchosha baada ya dakika kumi bila mtu kujua sababu.

Muziki nao uliokotwa popote. Katika "King Boxer" ya mwaka 1972, iliyofika Marekani kwa jina la "Five Fingers of Death", kila shujaa anapokusanya nguvu za kiganja cha chuma mikono yake hung'aa nyekundu na king'ora hulia. King'ora hicho kilichukuliwa kutoka muziki wa Quincy Jones wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, "Ironside". Hakihusiani na Uchina hata kidogo, lakini jaribu kukisahau.

Hesabu ya kasi

Projekta ya sinema huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Kamera ikipiga fremu 24, mwendo ni wa kawaida. Ikipunguzwa mpaka 20, tendo lililochukua sekunde 3 huacha fremu 60, nazo zikionyeshwa huisha kwa sekunde 2.5. Kasi imeongezeka mara 1.2. Kwa fremu 22 ongezeko ni kama asilimia 9 tu, na macho mengi hayashtuki. Ukishuka mpaka 16, kasi ni mara moja na nusu na kila kitu huwa kichekesho, jambo ambalo waongozaji wa vichekesho walilitaka na wengine walilipata bila kutaka.

Ujanja huu husalitiwa na vitu visivyopigana. Tazama maji yanayomwagika, upindo wa nguo unaoshuka, jani linaloanguka, mpita njia wa nyuma. Hivyo havijui kung fu. Vikienda haraka kuliko desturi, kamera imepunguzwa.

Ngumi zenyewe mara nyingi hazifiki. Kamera huwekwa nyuma ya bega la mmoja, ngumi ikapita kando ya uso wa mwenzake, na aliyepigwa akageuza kichwa papo hapo. Lenzi ndefu husaidia kwa sababu huubana umbali: watu wawili walioachana kwa urefu wa mkono huonekana wamegusana. Kamera ikisogea pembeni kidogo, mwanya huonekana na uongo umekwisha. Fundi makini humpaka mpigwaji unga kwenye nguo, ili teke likigusa japo kidogo vumbi litoke na jicho liamini uzito uliokuwa nusu yake.

Namna tatu za kupaa

Ya kwanza ni trampolini ndogo iliyofichwa chini ya upeo wa kamera. Kuruka juu ya ukuta hukatwa vipande vitatu: mwigizaji anakunja magoti, mwili unapita angani, miguu inatua upande wa pili, na hapo kwa kweli ametokea juu ya meza au ngazi. Kila kipande ni cha muda mfupi sana. King Hu alifika mbali zaidi na kuacha fremu chache mno, mtazamaji akabaki na hisia kwamba kuna kitu kimepita ambacho jicho lake halikukiwahi. Pambano la msitu wa mianzi katika "A Touch of Zen", filamu ya saa tatu iliyopata tuzo ya ufundi kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1975, limejengwa kwa vipande vya namna hiyo: shina, mwanga, mguu, upanga, mtu ameshuka.

Ya pili ni kuigeuza kanda. Mwigizaji anaruka kutoka ukutani kuja chini kinyumenyume, kisha filamu inachezeshwa kuanzia mwisho, na sasa anapanda. Magoti yaliyokunjwa kupokea kishindo hugeuka kuwa magoti yanayojiandaa kuruka. Linaloumbua ni nguo. Mtu anayepaa kweli, upindo wake huvutwa chini. Huyu wa kinyume upindo wake unapepea kwenda juu, kwa sababu alikuwa akianguka. Kukiwa na moshi karibu, utauona ukirudi jikoni.

Ya tatu ni waya. Chini ya nguo mwigizaji amefungwa mkanda mgumu wa kiunoni, waya mwembamba wa chuma unapanda mpaka kwenye kapi, na wanaume kadhaa wanavuta upande wa pili. Akifungwa mgongoni tu, huning'inia kama nguo iliyoanikwa, kichwa na miguu vikishuka. Akifungwa nyonga zote mbili, anaweza kupinduka. Waya mnene hubeba vizuri lakini huonekana. Mwembamba hufichika lakini huweza kukatika. Kwa hiyo hupakwa rangi ya mandhari ya nyuma, taa hukwepeshwa usije ukameta, na moshi hutandazwa. Ukungu mwingi wa usiku katika picha za panga ulikuwa na kazi hiyo pia, haukuwa ushairi tu.

Tatizo na dawa yake

Watu husema filamu hizi hazina hadithi, ni ugomvi mtupu. Hadithi ipo, ila imewekwa ndani ya ugomvi wenyewe, kama fumbo la ufundi linalosubiri jibu. Mfano safi ni "One-Armed Swordsman" ya mwongozaji Chang Cheh, mwaka 1967, filamu ya kwanza ya Hong Kong inayotajwa kupita mapato ya dola milioni 1 za Hong Kong. Maadui wametengeneza silaha ya kubana: inanasa upanga mrefu wa wanafunzi wa mwalimu fulani, na mkono mwingine unawachoma kisu. Hakuna mwanafunzi anayepona. Shujaa amekatwa mkono wa kulia. Kitabu alichopata cha mafunzo kimeungua nusu, na nusu iliyobaki ni ya mkono wa kushoto. Upanga wake ni wa urithi kutoka kwa baba, umevunjika, ni mfupi. Sasa jaribu kuunasa upanga mfupi kwa mtego uliopimwa kwa upanga mrefu. Kila upungufu umegeuka ufunguo, na hakuna aliyelazimika kulieleza kwa hotuba.

Lau Kar-leung, mpanga mapigano aliyegeuka mwongozaji, aliipeleka hesabu hii kwenye mwili. Baba yake alisomeshwa na Lam Sai-wing, aliyekuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, bingwa mashuhuri wa kung fu, kwa hiyo mitindo aliyoonyesha ilimfikia kwa mkono wa ukoo. Hakupenda kuikatakata picha, aliacha pigo, kinga na jibu vionekane ndani ya kipande kimoja kirefu, watu wote wawili wakionekana toka kichwani mpaka miguuni. Katika "The 36th Chamber of Shaolin" ya mwaka 1978, mwigizaji Gordon Liu anafundishwa kiungo baada ya kiungo. Kwenda kula ni lazima avuke maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea. Akikanyaga kwa uzito anazama na chakula kinampita. Anapanda na ndoo za maji mikono imenyooshwa kando, visu vimefungwa mikononi vikielekea mbavuni, akilegeza mikono tu vinamchoma. Anagonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu kupindukia, akitumia kifundo cha mkono pekee. Anafuata mwanga kwa macho huku vijiti vya ubani vinawaka pande zote mbili za uso, asigeuze kichwa. Sehemu kubwa ya katikati ya filamu ni hayo, karibu bila ugomvi. Ukifika ugomvi wa mwisho, unajua kila kiungo kilipatikana wapi na kwa maumivu gani. Filamu nyingi zilizoiga zilibakiza ndoo na kusahau sababu ya ndoo.

Adui naye ni fumbo. Pai Mei, mzee wa nyusi nyeupe, katika "Executioners from Shaolin" ya mwaka 1977, ana uwezo wa kuzivuta sehemu zake za siri zikaingia tumboni. Anayempiga teke hapo mguu wake unanaswa, na mzee anatembea akimkokota. Ni upuuzi mtupu, na ni wa busara kabisa: mtazamaji anajua kila mwanamume ana mahali pamoja pasipo na ulinzi, na filamu imepafunga mahali hapo mbele ya macho yake. Katika familia inayopambana naye, baba anapigana kwa mtindo wa chui milia pekee, anakufa. Mama anajua mtindo wa korongo. Mtoto anachanganya yote mawili. Hesabu imekamilika.

Nyumba moja, hoteli ileile

Ukidhani umeiona hoteli ile ya ghorofa mbili kwenye filamu nyingine, umeiona kweli. Kampuni ya Shaw Brothers ilifungua mji wake wa filamu Clearwater Bay, Hong Kong, mwaka 1961, wenye mabanda ya kupigia picha, mitaa ya kale ya kujengwa, na mabweni ya waigizaji wa mkataba. Daraja lile, bwawa lile na ngazi zile zilitumika tena na tena, zikipakwa rangi na kupewa kibao kipya. Ukingo wa ghorofa hukatwa msumeno nusu kabla, ili mtu akiurukia uvunjike pale pale palipopangwa. Damu ilikuwa nyekundu kama rangi ya mlango, na hapo hakuna utetezi wa kifundi, ilipendeza tu.

Picha zilipigwa kwa upana mkubwa, uwiano wa 2.35 kwa 1. Hili liliwapata vibaya watazamaji wa mabanda ya video ya Afrika Mashariki bila wao kujua. Televisheni ya zamani ina uwiano wa 1.33 kwa 1, kwa hiyo kanda za VHS zilizokatwa pande ili kuijaza zilipoteza kama asilimia 43 ya picha. Mwongozaji aliwaweka wapiganaji wawili kila mmoja ukingoni mwake, na nafasi tupu katikati yao ndiyo iliyokuwa na wasiwasi. Kwenye banda kikabaki ukuta na pua mbili. Mengi yaliyoonekana kuwa ovyo katika filamu hizi ni ovyo ya mkasi huo. Toleo lililorudishiwa upana wake ni filamu nyingine kabisa, kwa hiyo kabla ya kuitazama yoyote angalia kama kuna mistari myeusi juu na chini. Ikiwepo, furahi.

Kilichopotea kwa macho, masikio yalirudishiwa. Wasimulizi wa Kiswahili waliozungumza juu ya picha, Tanzania na Kenya, DJ Afro akiwa mashuhuri kwa Kenya, na maveejay wa Uganda kwa Kiganda, walifanya kile ambacho chumba cha sauti cha Hong Kong kilikuwa kimekifanya kabla yao: walisema juu ya midomo isiyokuwa na sauti yake, wakatia chumvi juu ya chumvi. Walilitia nguvu pia neno la mabandani, kwamba steringi hafi.

Sheria hiyo Chang Cheh hakuijua. Mashujaa wake wengi hufa, tena wima, nguo nyeupe imelowa, wakiwa bado wanapigana na utumbo umeshikwa kwa mkono mmoja. Wala hakuna matanga wala kuagana. Adui akianguka, filamu husimama ndani ya sekunde chache na maandishi ya mwisho hutokea, kwa sababu fumbo limeteguliwa na upatu umeshalia. "Fist of Fury" ya mwaka 1972 haikumngoja hata shujaa aanguke: Bruce Lee anazikimbilia bunduki, anaruka, picha inaganda akiwa hewani, na risasi zinasikika.